Kitambaa cha kuzunguka kisiwa kizima

Tulikuwa tumekaa kivulini nje ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, jua kali, maji ya chupa yameshakuwa ya moto, na mwongozaji wetu yuko katikati ya ile hadithi ambayo kila aliyefika pale kashasimuliwa. Mshirazi, mtu wa Shiraz kule Uajemi, kaja na jahazi, kakipenda kisiwa, mwenye kisiwa kasema ukikitaka nipe kitambaa cha kukizunguka chote, Mshirazi katoa, mwenye kisiwa kabeba vitambaa vyake kaenda zake bara. Mji ukaanza.

Mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa na mdomo hauna breki, akauliza: "Kilikuwa mita ngapi?"

Mwongozaji akacheka, na sisi tukacheka, akaendelea na habari za kuba na nguzo.

Mimi nikabaki palepale kwenye mita.

Hesabu

Usiku ule gesti, Kilwa Masoko, nikatoa simu nikaanza kupiga hesabu. Mzunguko wa kisiwa ni kama kilomita 23. Khanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu. Ukizipanga moja baada ya nyingine kufuata ufukwe unahitaji khanga zaidi ya 15,000, yaani kama doti 7,700 hivi. Ukinunua kwa jora la yadi 30 ni majora zaidi ya 800. Nenda Kariakoo leo uagize mzigo huo uone kama hawakuletei kiti na soda juu.

Na hapo tunaongelea zama ambazo uzi ulisokotwa kwa mkono. Kwenye machimbo ya Kilwa vimeokotwa vile vidude vidogo vya duara vya kusokotea uzi wa pamba, vingine vimechongwa tu kutoka kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika. Kila yadi ilikuwa jasho la mtu.

Sasa toka utotoni mimi hii hadithi niliisikia kama hadithi ya mjinga na mjanja. Mjinga wa bara kapewa vitambaa, mjanja wa ng'ambo kabaki na kisiwa, na kila anayesimulia anafika hapo anatabasamu kidogo. Lakini kwa hesabu hii muuzaji hakuuza bei ya kutupa hata kidogo! Hata kama ni chumvi, na bila shaka ni chumvi, aliyeitunga alitaka tujue kwamba bei ilikuwa kubwa. Kwa nini?

Hilo swali lilinisumbua wiki kadhaa, nikiwa kazini, nikiwa kwenye daladala, mpaka nikaona bora niliandike.

Ng'ombe wa Carthage

Kwanza nikakumbuka kwamba hadithi za namna hii zinasafiri. Wanasimulia hivyohivyo kuhusu Carthage, kule Tunisia: malkia Dido katoka Tiro, Lebanon ya leo, na meli zake, kaomba ardhi kiasi cha kufunikwa na ngozi moja ya ng'ombe, wenyeji wakakubali, akaikata ngozi vipande vyembamba kama kamba, akazungushia mlima mzima. Nilivyoiona nikasema aah basi, kumbe ni ngano tu, imefika na mabaharia, funga kitabu.

Ila ukiziweka pamoja, hazifanani pale panapouma. Dido alidanganya kwenye malipo, wa Kilwa alilipa chote. Ujanja wa Kilwa unakuja baadaye, na ndo sehemu ambayo waongozaji wengi huipitia mbio.

Mwenye kisiwa alijuta. Akarudi na watu wake kukichukua. Zamani maji yakitoka ulikuwa unavuka kwa miguu kati ya kisiwa na bara, kwa hiyo wakasubiri maji yatoke, na maji hayakutoka. Tarihi ya Kiarabu, ile iliyoandikwa miaka ya 1500 ambayo nakala yake iko London, inasema wageni walikuwa wameichimba ile njia. Masimulizi ya Kiswahili yaliyoandikwa wakati wa Wajerumani yanasema walisoma Kurani na kutoa kafara ili kivuko kifunge.

Vyovyote iwavyo, mlango ulifungwa baada ya kuuziana.

Mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja Kigamboni anaijua hii habari. Unalipa, mjumbe anasaini, mashahidi wanapewa chochote, na baada ya muda mzee aliyekuuzia, au wanawe, wanarudi na maneno kwamba pale mwembeni hapakuwemo kwenye mauziano. Unachohitaji siku hiyo ni karatasi. Na nadhani hadithi ya kitambaa ndo ile karatasi yenyewe. Bei ilibidi iwe kubwa kwenye hadithi ili mtu asije kusema tulidhulumiwa. Haikutungwa na mtu anayekumbuka mji ulivyoanza, ilitungwa na mtu anayetetea umiliki.

Waliokuwepo

Ukishaisoma kama hati ya mauziano, swali linageuka lenyewe: muuzaji alikuwa nani, na alikuwa anafanya nini hapo?

Yale masimulizi ya Kiswahili yanawataja. Kwanza walikaa akina Mtakata, halafu watu wa Jasi, halafu Mrimba na watu wake, na Mrimba ndo alikuwa mkubwa wa kisiwa Washirazi walipofika. Tarihi ya Kiarabu nayo, iliyoandikwa kwa heshima ya masultani, yaani haina sababu yoyote ya kuwapamba wenyeji, inakiri kwamba wageni walimkuta Mwislamu pale na familia yake, anaitwa Muriri wa Bari, na kulikuwa tayari na msikiti. Soma tena hapo. Mwanzilishi wa mji wa Kiislamu kafika kakuta msikiti!

Halafu kuna udongo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, na chini kabisa, chini ya kuta zote za mawe, alikuta kijiji cha karne ya 9 hivi: nyumba za miti na udongo, watu wanafua chuma, wanatengeneza shanga za makombe, wanavua, wanapika kwenye vyungu vyao wenyewe, na katikati ya vyungu hivyo kuna vipande vichache vya vyombo vya kutoka Ghuba ya Uajemi. Walikuwa wanafanya biashara na ng'ambo kabla hajaja mtu wa kuwaanzishia.

Na wala hawakuwa wa kwanza nchini. Unguja Ukuu, upande wa kusini wa Unguja, palikuwa na watu na biashara karne mbili kabla.

Nilipofika hapa nikawa nishaamua kabisa. Ali, ndo jina la yule Mshirazi wa hadithi, ni jina tu la kubandika, hakuwepo, tumfute.

Sarafu za Mtambwe

Shida ni kwamba alikuwepo.

Pale Kilwa zimeokotwa sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan. Chittick aliziona, akamweka mwaka 1200 hivi, na hesabu hiyo ikakaa vitabuni. Halafu mwaka 1984, Mtambwe Mkuu huko Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, ndogondogo za fedha, nyingine zina jina la Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Kifatimi, watawala wa Misri enzi hizo, ambazo ya mwisho kabisa ni ya mwaka 1066. Kwa hiyo mtu huyu akasogezwa nyuma zaidi ya miaka mia kwa siku moja. Alikuwa na jina, alikuwa na hela yenye jina lake, na hela hiyo ilifika Pemba.

Mtu wa karne ya 11 basi. Kijiji ni cha karne ya 9. Katikati kuna vizazi na vizazi vya watu waliozaliwa, wakaoa, wakazikwa Kilwa, na mji "haujaanzishwa".

Nakiri hii sehemu ilinichanganya kwa raha. Nilitaka aidha Mshirazi wa kweli na wenyeji wa hewani, au wenyeji wa kweli na Mshirazi wa hewani. Udongo ukanipa wote wawili.

Tunatafuta baba

Wote tumesoma historia hii mara mbili. Wazee wetu walifundishwa kwamba Waarabu na Waajemi walikuja wakajenga miji, Mwafrika alikuwa anaangalia. Sisi tukafundishwa kinyume chake, kwamba miji ni ya Waafrika na ng'ambo waliongeza nakshi tu. Na huku katikati kuna watu ambao Ushirazi kwao si mada ya darasani, ni wao. Zanzibar chama kilichoundwa 1957 kikalibeba neno hilo kwenye jina lake, Afro-Shirazi, na waliojiita Washirazi wengi wao walikuwa wakulima na wavuvi wa Kiswahili, si watu wa majumba.

Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba kwenye jarida la Nature. Walipima mabaki ya watu 80, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya zamani ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo. Majibu kwa kifupi: nasaba ya Kiafrika ilikuwepo kwa wingi na ilipitia zaidi kwa wanawake, nasaba ya Asia ilipitia zaidi kwa wanaume na sehemu yake kubwa ni ya Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000.

Mwaka 1000! Yaani Ali wa sarafu na Mshirazi wa hadithi na mifupa wote wanakutana karibu na sehemu moja.

Watu walipokea utafiti ule kama mpira wa Simba na Yanga, kila upande unahesabu magoli yake. Kilichonikaa mimi ni neno wanawake, kwa sababu hadithi ilishasema. Hatukusikiliza tu.

Kwenye masimulizi ya Kiswahili Mshirazi haanzi na kitambaa cha kuzunguka kisiwa. Anaanza kwa zawadi, anaomba kukaa, anakubaliwa, wanaishi vizuri, halafu anaomba binti wa Mrimba. Anaozeshwa. Baada ya hapo ndo anamtuma mkewe kwa baba yake na ujumbe wa adabu kabisa: haifai mtu kukaa mji mmoja na mkwewe, bora mzee ahamie bara. Mrimba anapewa vitambaa vyake, anahama. Mtu anaondolewa kwenye nchi yake kwa heshima ya ukwe, hapo hata mimi nilipiga kofi.

Binti akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alipokua akavuka bara kumsalimia babu yake, na babu akamkabidhi utawala. Kwa hiyo hata kwenye hadithi ya upande wa masultani, nguvu juu ya bara haikuja na kitambaa. Ilikuja kwa mama. Na jina la huyo mama hakuna aliyejisumbua kuliandika.

Na hata Ali mwenyewe. João de Barros, Mreno aliyeandika muhtasari wa tarihi hiyo mwaka 1552, anasema Ali aliondoka kwao kwa sababu ndugu zake walimdharau, maana mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Tarihi ya Kiarabu inatoa sababu nyingine, sultani aliota panya mwenye mdomo wa chuma anatoboa ukuta wa mji. Mimi na panya sina shida, ni panya mzuri, ila kama ya Barros ina ukweli basi "Mshirazi" wetu alikuwa mtoto wa mwanamke wa Kiafrika kabla hata hajapanda jahazi.

Dhahabu, na kitambaa tena

Umuhimu wa Kilwa wengi mnaujua kwa hiyo sitakaa sana. Dhahabu ilitoka bara ya Zimbabwe, ikashuka Sofala, pwani ya Msumbiji, na kuanzia karibu na mwaka 1300 Kilwa ndo ilikuwa imeikalia Sofala. Al-Hasan bin Sulaiman akajenga Husuni Kubwa juu ya mwamba, vyumba zaidi ya mia na bwawa la pembe nane linalotazama bahari, akaupanua Msikiti Mkuu. Msafiri Ibn Battuta akapita 1331 akausifia mji na ukarimu wa sultani. Sarafu ya shaba ya sultani huyohuyo imekutwa Great Zimbabwe kwenyewe.

Sasa dhahabu ile ilinunuliwa kwa nini? Kwa sehemu kubwa, kitambaa na shanga. Kilwa ilikuwa inanunua dhahabu kwa kitu kilekile ambacho hadithi inasema Kilwa yenyewe ilinunuliwa nacho. Nilipoliona hili nikasimama jikoni nikaacha ugali uungue. Aliyetunga hadithi alikuwa mfanyabiashara, au alikulia nyumba ya wafanyabiashara, na kwake kitambaa kilikuwa ndo hela.

Na hela haina haya. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa anaitwa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata biashara ikahamia Kilwa Kivinje, misafara inashuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na waliokuwa kwenye minyororo wengi walinunuliwa kwa majora ya merikani na kaniki. Kitambaa kilichozunguka kisiwa kwenye hadithi ya fahari kilikuja kuzunguka shingo za watu. Hii sehemu hatukusimuliwa pale msikitini, na sijui ningemwelezaje mtoto wa miaka tisa, lakini ukisema mji ni muhimu kwenye historia huwezi kuchagua karne unazozipenda.

Wareno nao. Vasco da Gama alifika 1502 akamlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, atoe kodi ya dhahabu. Mfalme wa Ureno akaamuru dhahabu hiyo itengenezwe chombo cha ibada, kikaisha 1506, na kipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho Lisbon. Kwenye kitako chake kimeandikwa kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina letu limenakshiwa pale. Hapa kati, Julai 1505, Francisco de Almeida alishaupora mji na kujenga ngome, na wakaiacha wenyewe 1512. Lile Gereza, yaani ile ngome unayoiona ukishuka kwenye boti, kila mtu analiita la Wareno, ila kuta nyingi pale ni kazi ya Waomani.

Na Dar nako

Dar es Salaam imeanzishwa lini? 1862, Sultan Majid. Umejibu kabla sijamaliza kuuliza.

Mzizima je?

Mzizima ndo palepale ilipo Dar, na palikuwa na watu, wavuvi na wakulima, Washomvi na Wazaramo, wana majumbe wao, wana makaburi yao. Majid alikuja akachora mji wa ikulu na bandari, akafa 1870 haujaisha, nyumba zikaanza kubomoka. Wajerumani wakaja 1887 wakaufufua, 1891 wakauhamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo. Kwa hiyo mji una waanzilishi wawili wa kwenye vitabu, na wenye mji hawamo. Ni Kilwa ileile, tofauti ni kwamba hapa hata hadithi ya kitambaa hatukutungiwa.

Mimi sasa naamini tarehe ya kuanzishwa mji ni tarehe ya kwanza ambayo mtu mwenye sababu ya kuandika aliandika. Haina uhusiano mkubwa na lini watu walianza kupika pale. Siku Wizara ikiniita kutengeneza kibao cha Kilwa (hawataniita) ningeandika karne ya 9, ningemweka Mrimba juu, Ali chini yake, na binti katikati yao hata kama bila jina.

Ba'mdogo

Yupo ba'mdogo wangu ambaye maisha yake yote anasema ukoo wetu ni Washirazi wa Kilwa, full stop. Nilimtumia habari ya ule utafiti wa vinasaba. Akanijibu kwa voisi ndefu, imejaa furaha, mwisho wake: "Si nilikwambia mwanangu? Sasa wazungu nao wamepima."

Nikampigia. Nikamwambia, "Shikamoo ba'mdogo, lakini umesikiliza nusu. Hiyo ni ya upande wa kiumeni. Upande wa pili wanasema ni hapahapa, wanawake wa hapahapa."

"Marahaba. Hao wanawake waliolewa, wakaingia ukoo."

"Au wao ndo waliwaingiza akina Ali kwenye ukoo. Mrimba ndo alikuwa mwenyeji."

Akacheka. "Hivi huyo Mrimba ni nani yako hata umng'ang'anie hivi?"

Nikamuuliza bibi yake yeye, mzaa mama yake, alitokea wapi.

"Kipatimu," akasema, "Matumbini huko. Lakini hiyo ni habari nyingine."